Daftari na Mahakama: Watetezi wa Waliohamishwa Kati ya Kitale na Bungoma

Nchi iliyoko baina ya Kitale na Bungoma, mtu akiitazama kutoka dirishani mwa gari, ni nchi ya mahindi, miwa na ng'ombe wa maziwa, yenye mvua za kutosha na udongo wa kuonewa wivu. Na mgeni asiyeijua tarikhi yake ni vigumu kusadiki kwamba katika umri wa mtu mmoja nchi hii imewapokea wakimbizi, imewatoa wakimbizi, na hadi leo inawapitisha njiani wakimbizi wa mataifa mengine. Katika miaka ya 1970 Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin walivuka mpaka upande wa Malaba na Lwakhakha, na wengi walipokewa na watu wa ukoo na lugha moja nao, kwa kuwa mpaka ule uliwatenga Wabukusu na Wamasaba, na Wasabaot na Wasebei, pasipo kumwuliza mtu rai yake. Tangu mwisho wa 1991 hadi 1993 fitina ya ardhi, iliyochochewa na siasa za kurejea kwa vyama vingi, iliwatoa maelfu mashambani mwao Endebess, Mlima Elgon na pembe nyingine za Trans Nzoia, wakalala viwanjani mwa makanisa na vibarazani mwa maduka. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale uligeuka kambi, na wakati huohuo Wakenya wapatao 12,000 kutoka magharibi ya nchi waliingia Uganda, wakahifadhiwa Mulanda karibu na Tororo, kisha wale walioogopa kurejea wakapelekwa makazi ya Kiryandongo. Haikuwa muhali, basi, kwa mtu ambaye babake alimfungulia Mganda mlango kujikuta yeye mwenyewe akibisha hodi Uganda.

Kwa hiyo swali la namna ya kuyatia nguvu mashirika ya wenyeji yateteayo haki za wakimbizi si swali la kuazima katika sehemu hizi. Majibu yake, hata hivyo, aghalabu huwa ya kuazima. Huitishwa semina hotelini, hugawiwa kalamu na daftari zenye nembo ya mfadhili, watu hufundishwa jinsi ya kuandika ombi la fedha na jinsi ya kuandika ripoti ya fedha zilizokwisha kutumika, kisha hutia sahihi orodha ya mahudhurio, hupokea posho na nauli, na kurejea makwao. Sisemi kwamba mafunzo hayo hayana faida, kwa maana shirika lisilojua kutunza hesabu zake haliwezi kuaminiwa amana ya mtu. Rai yangu ni kwamba upungufu ulio mkubwa kuliko wote si elimu, wala si hata uchache wa fedha, bali ni muda: dhulma ya mtu kuondolewa katika ardhi yake au nchi yake huchukua miaka kumi na mitano, ishirini, pengine zaidi, kabla ya kupatiwa hukumu, ilhali fedha za kuitetea huja kwa mwaka mmoja, au zikikithiri miwili, na kila fungu huja na mradi wenye jina jipya, hata yule aliyekuwa anaandika habari za wajane mwaka jana akatakiwa mwaka huu afundishe ufugaji wa kuku.

Sheria nayo imewagawa waliohamishwa mafungu mawili. Aliyevuka mpaka wa nchi ni mkimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951 na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na hapa Kenya yumo chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 mahali pa ile ya 2006. Asiyevuka, akawa amefukuzwa Endebess akaishia chumba cha kupanga mjini Kitale, yumo chini ya sheria ya wakimbizi wa ndani, nambari 56 ya 2012, ambayo haikuteremka kama mvua: ilitokana na miaka mingi ya kudai, na miongoni mwa waliodai ni waliohamishwa wenyewe, ambao tangu 2003 walikuwa wameunda mtandao wao wa taifa. Lakini sheria kupitishwa Nairobi ni jambo moja, na mwenye haki kuonekana katika orodha ni jambo la pili. Serikali ilipoanzisha mpango wa Rudi Nyumbani, Mei 2008, kila aila iliyoandikishwa ilikusudiwa kupewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na aliyechomewa nyumba aongezewe 25,000. Waliokuwa kambini walihesabiwa, na waliositiriwa na jamaa zao, yaani wale ambao undugu uliwakinga na aibu ya hema, wengi waliachwa nje ya hesabu. Ukarimu wa jamaa ukageuka hujja ya kumnyima mtu haki yake. Kikundi cha mtaa kilichoandika majina wakati ule, nyumba kwa nyumba, kilikuwa na kitu cha kumwekea mkuu wa wilaya mezani. Kisichoandika kilibaki na maneno.

Mambo ya Mlima Elgon yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwani ndiyo yaliyowapima watetezi wa sehemu hizi kupita kipimo chochote kingine. Chanzo chake ni ardhi. Watu wa Chepkitale, huko juu penye ukungu, waliondolewa kwenye malisho yao ya asili, na mwaka 1971 serikali ikaanza kuwapa makazi Chebyuk, chini kidogo. Ugawaji ule ulifanywa kwa awamu, kila awamu ikaacha waliopata na waliokosa, na ile ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Mwaka 2006 kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force lilikuwa limekwisha kuenea, likikata watu masikio, likitoza kodi, likiua. Shirika la Human Rights Watch la New York lilikadiria kwamba waliouawa na kundi hilo walizidi 600. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi kwa jina la Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wa vijiji wakakusanywa kwa malori na kupelekwa Kapkota kuhojiwa, ambako wengi waliteswa na wengine hawakuonekana tena. Mei mwaka huo kiongozi wa wapiganaji, Wycliffe Matakwei, aliuawa. Makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kushuka mlima kwenda Bungoma, Cheptais, Kitale na Uganda.

Yalikuwepo Bungoma wakati huo mashirika ya wenyeji, na mawili yamebaki katika kumbukumbu za umma: Mwatikho, lililoshughulika na kuwatibu na kuwatetea walioteswa, na Western Kenya Human Rights Watch, ambalo halina nasaba na lile la New York ijapokuwa majina yanafanana. Taarifa zilizosomwa Nairobi, Geneva na London juu ya mlima ule hazikuota huko. Zilitegemea watu waliojua njia za miguu, waliojua ni mama gani anayeogopa kusema mbele ya mtoto wake, na waliojua kwamba jina moja latamkwa namna mbili katika vijiji viwili. Na mashaka yao yalikuwa ya pande mbili. Aliyeandika maovu ya wapiganaji aliambiwa ni adui wa Wasabaot. Aliyeandika maovu ya askari aliambiwa ni mlinzi wa wapiganaji. Aliyeandika yote mawili alichukiwa pande zote, naye ndiye aliyekuwa akifanya kazi ipasavyo. Shirika la mbali laweza kutoa taarifa kisha likapanda ndege. La Bungoma linalala Bungoma, na mke wa mtetezi ananunua nyanya katika soko lilelile anakonunua mke wa askari na dada wa mpiganaji. Mtu akisema kuyatia nguvu mashirika haya, na asiseme neno juu ya ulinzi wa watu wake, nyumba ya kujifichia kwa mwezi, nauli ya usiku, wakili wa kupigiwa simu saa nane za usiku, basi bado hajaanza kusema.

Waliotoweka, kwa mikono ya wapiganaji na ya askari, wanahesabiwa kuwa zaidi ya 300. Hapo ndipo thamani ya daftari inapodhihirika kwa namna ambayo semina haiwezi kuionyesha. Mtu aliyetoweka si maiti mbele ya sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mahakama haimdhanii kuwa amekufa mpaka ipite miaka saba pasipo habari zake kusikiwa na wale ambao kwa desturi wangezisikia. Kabla ya hapo mkewe si mjane, hawezi kufungua shauri la mirathi, hawezi kuandikishwa ardhi ya mumewe, na shemeji aliyekwisha kuhamisha mpaka wa shamba anamtazama tu. Mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa Machi 2008 alitakiwa kungoja hadi 2015, na akifika huko aulizwe: ulimtafuta wapi, ulimwambia nani, siku gani? Hebu tufikiri ukurasa mmoja wa daftari iliyotunzwa vizuri, uliopigwa mistari kwa rula: jina la mtu na majina ya baba na babu, kijiji na kata, siku aliyochukuliwa, au kama siku haijulikani, ilikuwa kabla au baada ya mnada gani, alivaa nini, nani alimwona mara ya mwisho, na akiwa wapi, mke alikwenda kituo gani cha polisi, akapewa nambari gani ya tukio, au akafukuzwa, na chini, alama ya dole gumba na sahihi ya aliyeandika. Ukurasa huo, ukiwa umeandikwa mwaka 2008 na kutunzwa pasipo kuliwa na mchwa, ni ushahidi. Ukiandikwa mwaka 2015 kwa kukumbuka, ni hadithi, na wakili wa upande wa pili ataivunjavunja kabla ya mapumziko ya chai.

Somo la muda lilifundishwa kwa ukali zaidi Arusha. Mwaka 2010 shirika la Independent Medico-Legal Unit la Nairobi liliishtaki serikali ya Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwa daawa kwamba ilishindwa kuwachunguza na kuwaadhibu waliowatesa wakaazi wa Mlima Elgon tangu 2006 hadi 2008. Kitengo cha kwanza cha mahakama, Juni 2011, kilikataa pingamizi za serikali, na watetezi wakafurahi. Lakini serikali ilikata rufaa, na 15 Machi 2012 majaji wa rufani wakaamua kwamba shauri lilikuja limechelewa, kwani Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu tendo kutendeka au yeye kulijua, wala hauna mlango wa kuongeza. Hakuna aliyesema watu hawakuteswa. Ilisemwa tu kwamba kalenda ilikwisha pita. Naona hukumu ile ilikuwa sahihi kwa herufi na kavu kwa insafu. Lakini lililo muhimu kwa mjadala wetu ni kwamba miezi miwili ni muda ambao shirika la mji mkuu haliwezi kuuwahi pasipo mwenzake wa mlimani aliye na karatasi tayari, na la mlimani haliwezi kuuwahi ikiwa halina mtu wa kumwambia kwamba saa imeanza kuhesabiwa.

Mfano wa upande wa pili uko karibu zaidi, na nashangaa hautajwi mara nyingi. Waogiek wa Chepkitale, walewale ambao kuondolewa kwao ndiko kulikoleta Chebyuk, walikuwa wakirudi juu kila walipoteremshwa, na mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, jambo lililowafanya wahalifu katika malisho ya babu zao. Wakaunda shirika lao, Chepkitale Indigenous Peoples Development Project, lenye ofisi Kitale. Shirika hilo halikuanza kwa kelele. Liliandika mila zinazotawala malisho na misitu ambazo hapo kabla zilikaa vichwani mwa wazee, likachora ramani ya mito, mapango na mahali pa ibada, likaweka doria zake dhidi ya wachoma makaa na wawinda ndovu. Na kwa miaka mingi, kesi ya kuidai ardhi hiyo ikipelekwa mbele na kurudishwa nyuma, likabaki pale pale. Tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii hiyo, na kwamba kutangazwa kwake kuwa hifadhi hakukufuata sheria. Wapo watakaosema kwamba Waogiek si wakimbizi, na kwa lugha ya Geneva watakuwa wamesema kweli. Lakini yeyote atakaye kujua shirika la wenyeji lenye nguvu lafananaje, asiende mbali: lina wenye shauri ndani yake, lina kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya kuhitajiwa, na halikubadilisha kazi kila mfadhili alipobadilisha fikra.

Tuje sasa kwa wakimbizi waliovuka mpaka. Kitale ndicho kituo cha mwisho chenye kila kitu kabla ya barabara kuteremka kwenda Kapenguria, Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 400, na tangu kambi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992 mji huu umekuwa kama sebule yake: mizigo hupakiwa hapa, na familia za Sudan Kusini hupanga nyumba hapa ili watoto wasome. Kisheria, mkimbizi atokaye eneo alilopangiwa anahitaji kibali cha kusafiri. Mazungumzo kwenye kizuizi cha polisi barabarani hayana tofauti kubwa siku hadi siku.

"Kibali kiko wapi, mama?"

"Afande, nakwenda kumtazama mtoto shuleni Kitale."

"Sikuuliza mtoto. Nimeuliza kibali."

Linalofuata lategemea ni nani aliye garini. Akiwepo mtu anayeijua sheria, akataja kwa adabu kwamba mama huyu ana kitambulisho cha mkimbizi na kwamba pa kuulizwa habari zake ni idara ya huduma za wakimbizi, pengine gari litaondoka. Asipokuwepo, kuna noti, au kuna kituo cha polisi, na baadaye hakimu, faini, na kurudishwa Kakuma. Mashirika makubwa ya Nairobi, Kituo cha Sheria lililoanzishwa mwaka 1973 na Refugee Consortium of Kenya la 1998, yamefanya makubwa katika mahakama za juu. Ni Kituo cha Sheria lililoifanya Mahakama Kuu, Julai 2013, ibatilishe amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Lakini mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliikubali amri nyingine iliyofanana nayo, baada ya mashambulio ya magaidi kubadili hewa ya nchi, na mama yule wa kizuizini hakuhitaji hukumu ya Nairobi, alihitaji mtu wa Kitale.

Mtu huyo hulipwa na nani? Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa wa dunia waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itafika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulifika, ukapita, na robo haikukaribiwa. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa misaada yake, chakula kilipunguzwa Kakuma, watu wakaandamana, na mashirika madogo yaliyokuwa yakila makombo ya mashirika makubwa ndiyo yaliyofunga milango kwanza, kwani wa mwisho katika safu ya kupokea huwa wa kwanza kuachwa. Waliosalia, kwa kadiri ionekanavyo, ni wale ambao hawakuwa wameizoea fedha hiyo: kamati za haki na amani za majimbo ya Katoliki ya Kitale na Bungoma, ambazo zina jengo, zina parokia na zina desturi ya kutunza vitabu, na vikundi vya kujisaidia vya wakimbizi wenyewe, vyenye cheti cha ofisi ya ustawi wa jamii na sanduku la kufuli tatu.

Siwaombei wenyeji wote radhi. Kuna mashirika ya mkobani, ambayo ofisi yake ni begi la mwenyekiti, na ambayo huonekana tu msimu wa wafadhili. Kuna mengine yanayojiita ya wote na kumbe bodi yake nzima imetoka kata moja na ukoo mmoja, jambo lililo hatari katika nchi ambayo kabila la anayeandika jina lako ni sababu tosha ya kulificha jina hilo. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa kabatini hadi 14 Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika, yaweza kusaidia kupepeta, maadam msajili asiifanye fimbo ya kuwachapia wale wanaoisema serikali. Lakini kipimo changu ni chepesi kuliko cha msajili: namwomba mwenyekiti anionyeshe daftari ya miaka mitano iliyopita. Mwenye shirika atainuka kuifuata. Mwenye mkoba ataanza kunieleza mpango wa mwaka ujao.

Na kazi mpya imekwisha kufika mlangoni. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi aliye raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki auache ukimbizi wake kwa hiari, apate kukaa na kufanya kazi kama raia mwingine yeyote wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, Kongo 2022, Somalia 2024; maana yake ni kwamba mlango huo uko wazi kwa sehemu kubwa sana ya watu wa Kakuma na Dadaab, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida, unawasogeza watu upande huohuo wa kujitegemea. Kwa kijana wa Juba mwenye duka la simu Kitale jambo hili laweza kuwa faraja. Kwa mwingine, anayetafutwa kwao kwa sababu ambazo hajamwambia mtu, kuuacha ukimbizi ni kuivua ngao inayokataza arudishwe kule alikotoka, na karatasi ya kuuacha haina nafasi ya kuandika hofu. Wanahitajika watu wa kukaa naye saa moja, kwa Kidinka au Kinuer au Kiswahili cha Kongo, wamweleze anachopata na anachotupa, kisha waandike kwamba wamemweleza, na siku gani. Mshahara wa karani wa namna hiyo kwa mwaka si mzigo kwa mfadhili yeyote aliyewahi kukodi ukumbi wa hoteli. Kesi ya kwanza ya mtu aliyetia sahihi pasipo kuelewa itakapofika mbele ya hakimu wa Kitale, ataulizwa ni nani aliyekuwa naye mezani siku ile, na jibu litapatikana katika daftari ya mtu au halitapatikana.